Garmin Xero C1 Pro kwenye jua la Lindi

Garmin Xero C1 Pro ni kifaa cha kupima kasi ya risasi inapotoka kwenye mtutu. Unakihitaji kwa sababu kasi iliyochapwa kwenye pakiti ya risasi haikupimwa kwa bunduki yako. Viwanda vingi hupimia mtutu wa inchi 24. Wako ukiwa wa inchi 20, kila inchi iliyopungua hula mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Na kwa risasi ya .308 (ukubwa wa mtutu) yenye kichwa cha greni 168 (greni ni kipimo cha uzito), kasi ikishuka mita 10 tu kwa sekunde, risasi hutua karibu sentimita 10 chini zaidi kwenye mita 600.

Vifaa vya zamani vya kupima kasi, vinavyosoma kivuli cha risasi ikipita juu ya vitambuzi viwili, huteseka huku pwani. Jua likiwa utosini, au wingu likipita ghafla, vinatoa namba ya ajabu au havisomi kabisa. Tena husimama mita 3 hivi mbele ya mtutu, na risasi ikipita chini kidogo, inakipiga kifaa chenyewe na kimekwisha. Vile vinavyofungwa kwenye mtutu havijali jua, ila uzito wake hubadilisha mtikisiko wa mtutu, kwa hiyo kundi la matundu kwenye shabaha haliaminiki tena.

Xero C1 Pro ni rada, kwa hiyo haihitaji kivuli wala kufungwa kwenye mtutu. Ina uzito wa gramu 100 na kitu, na inakuja na kistendi chake cha miguu mitatu. Iweke pembeni mwa bunduki, nyuma kidogo ya mdomo wa mtutu, uso ukitazama shabaha. Chagua aina ya silaha, ingiza uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, anza kupiga. Kasi inatokea kwenye kioo baada ya kila mlio. Ikiruka risasi bila kusoma, kwanza angalia nyasi zilizosimama mbele yake, kisha mwelekeo wake. Kama mtutu una breki mdomoni (kifaa cha kupunguza msukumo wa bunduki), irudishe nyuma zaidi, maana hewa inayotoka pembeni huiangusha.

Piga 10, si 3. Risasi tatu karibu kila mara huonyesha tofauti ndogo ya kasi, ya kudanganya. Ya kwanza, mtutu ukiwa baridi au na mafuta, iwekee alama kwenye kifaa na uitoe kwenye wastani. Mwindaji lakini aiandike pembeni, kwa kuwa ndiyo atakayompigia mnyama.

Joto ndilo hasa linalofanya kifaa hiki kifae Lindi. Msimu wa uwindaji hufunguliwa 1 Julai, wakati wa kipupwe; ikifika Desemba, pakiti iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari Kilwa haishikiki. Baruti inayoathirika na joto huongeza kasi kama nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzijoto 1. Nyuzi 20 ni mita 10, yaani zile sentimita 10 za mita 600. Pima alfajiri, pima tena saa saba, andika joto la risasi zenyewe. Wala usiiache risasi ikingoja kwenye chemba iliyochemka. Dakika moja inatosha kuharibu kipimo.

Betri ni ya ndani, haibadilishwi, basi beba pawabenki. Ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa Marekani dola 599.99. Kwa mpiga shabaha wa mita 400 na kuendelea, inunue. Anayewinda tu kwenye miombo ya Liwale, ambako mnyama huonekana karibu, hela hiyo akanunulie risasi za mazoezi.