TAHADHARI: Wanaouza "dawa" ya emuleta inayoganda wanakuuzia joto lenyewe

Kama emuleta yako, yaani programu inayoendesha gemu za mashine nyingine kwenye kompyuta, inaganda katikati ya gemu, feni inavuma na sehemu ya juu ya kibodi haishikiki kwa joto, usinunue kifurushi chochote cha "kuzuia kuganda", "kupoza prosesa" au "kuongeza fremu" (picha zinazoonyeshwa kila sekunde). Vifurushi hivi vinatangazwa kwenye mitandao ya kijamii, chini ya video za mafunzo na kwa ujumbe wa faragha, mara nyingi na mtu aliyekuona ukiomba msaada hadharani. Ukivifungua unakuta kimoja kati ya vitu viwili: mipangilio ya bure iliyochezewa ili namba zipendeze, au programu inayoitumia kompyuta yako kuchimba sarafu za kidijitali, yaani kufanya mahesabu mazito yanayomlipa mtu mwingine. Hiyo ya pili huzidisha joto lile lile ulilolipa liondoke.

Hakuna programu inayopoza kompyuta. Kuhusu joto, programu ina uwezo wa mambo mawili tu: kuzungusha feni kwa kasi zaidi, au kupunguza umeme unaotumiwa na prosesa na kadi ya picha. Yote mawili tayari yamo ndani ya Windows, ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka) au kwenye programu ya bure ya kampuni iliyounda kompyuta hiyo. Vumbi likishaziba mapezi ya kipozeo, au pesti ya kupitisha joto ikishakauka, hakuna faili la kupakua litakalosaidia.

Emuleta zenyewe nazo haziuzwi. Dolphin, PCSX2, RPCS3, DuckStation, Cemu na RetroArch ni za bure na msimbo wake unaonekana hadharani. PPSSPP ina toleo la Gold la kulipia, ambalo ni njia halali ya kumuunga mkono mtengenezaji, lakini uwezo wake ni ule ule wa toleo la bure. Kwa hiyo anayekuuzia "PCSX2 Pro" au "RPCS3 isiyoganda" anauza kitu ambacho hakipo. Kuwa macho zaidi na jina la yuzu, emuleta ya Nintendo Switch: walioitengeneza waliifunga Machi 2024 baada ya kukubaliana kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 za Marekani, na Citra, emuleta ya Nintendo 3DS, ikafungwa pamoja nayo. Tovuti yoyote inayojiita "tovuti rasmi ya yuzu" leo si ya watu hao.

Mbinu ya kwanza ni ya namba. Muuzaji anakutumia faili la mipangilio, unaliweka, na kaunta inaonyesha fremu 60 kamili. Katika PCSX2, emuleta ya PlayStation 2 (PS2), hilo ni rahisi mno: ukipandisha mpangilio wa "EE Cycle Skip", emuleta inaruka sehemu ya kazi ya prosesa ya PS2, kaunta inasoma asilimia 100, huku gemu lenyewe likionyesha picha chache zaidi na wahusika wakitembea kwa kurukaruka. Umelipia kitu ambacho ungekifanya kwa mibofyo miwili, na umepata gemu baya kuliko ulilokuwa nalo. Wengine huondoa kikomo cha kasi. Menyu ya gemu inaanza kukimbia kwa mamia ya fremu kwa sekunde, mnunuzi anafurahi, na prosesa inapanda hadi kileleni bila sababu. Gemu la PS2 la toleo la NTSC (mfumo wa TV wa Marekani na Japani) limekusudiwa kasi ya 60, la PAL (mfumo wa Ulaya) 50. Zaidi ya hapo ni umeme unaogeuka kuwa joto.

Mbinu ya pili ndiyo inayotutia hofu, kwa sababu inakaa kimya. Kifurushi kinakuja kimebanwa kwa nenosiri, na maelekezo yanasema zima antivairasi kwanza kwa kuwa "inaikosea emuleta". Nenosiri limewekwa ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani. Kisha kisakinishi kinaomba haki za msimamizi. Dolphin, PCSX2 na RPCS3 hazihitaji haki hizo ili kuendesha gemu. Emuleta zinazoendesha programu za Android kwenye kompyuta huzihitaji wakati wa kusakinishwa kwa sababu zinaweka madereva yao (drivers, programu za ndani kabisa ya mfumo), na wahalifu hujificha nyuma ya mazoea hayo. Kinachowekwa mara nyingi ni XMRig, programu ambayo yenyewe ni halali na ya wazi, lakini hapa imefichwa na inachimba Monero, moja ya sarafu za kidijitali, kwa ajili ya mtu mwingine. Uchimbaji huo hufanyika kwa prosesa, hutaka MB 2 za kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) kwa kila uzi wa kazi (thread), na kwa kawaida hushika zaidi ya GB 2 za RAM. Emuleta inategemea prosesa kuliko kitu kingine chochote, na sasa inagombea kashe na mgeni huyo. Ndiyo maana gemu lililokuwa likiganda mara moja kwa saa linaanza kuganda kila dakika kumi, na muuzaji anarudi kukuuzia "toleo la juu".

Kumgundua mchimbaji kunahitaji ujanja kidogo, kwani wengi hujizima mara tu ukifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi. Feni ikinyamaza sekunde chache baada ya kuifungua na kuanza tena ukiifunga, hiyo ni dalili nzito. Tumia HWiNFO, programu ya kusoma joto na umeme wa kompyuta, badala yake. Funga kila kitu, washa kurekodi kwenye faili la CSV, kisha iache kompyuta bila kuigusa kwa dakika 15, kwa sababu wachimbaji wengine husubiri uondoke ndipo waanze. Angalia safu ya wati za prosesa. Laptopu iliyotulia hutumia wati chache, mara nyingi chini ya 10. Ukikuta 30 au 45 zinazodumu bila kushuka wakati hakuna mtu kwenye kiti, kuna kazi inafanyika ambayo hukuiagiza. (Masasisho ya Windows nayo hufanya kazi ukiwa haupo, lakini huisha, rudia kipimo siku ya pili kabla ya kuhukumu.) Halafu fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandika amri) kama msimamizi, andika Get-MpPreference na usome mstari wa ExclusionPath. Folda usiyoijua ikiwa imeorodheshwa hapo, mtu ameiambia Defender, antivairasi ya Windows, isiikague.

Kuna na "mafundi wa mbali". Huyu anaomba umfungulie kompyuta kutoka mbali kwa AnyDesk au TeamViewer, anafungua Event Viewer (kumbukumbu ya matukio ya Windows) na kukuonyesha alama nyekundu na njano kwa mamia, kisha anataja bei. Alama hizo zipo kwenye kila kompyuta ya Windows, hata iliyo nzima kabisa. Ingizo moja linalohusu mada hii ni Kernel-Power namba 41, nalo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Halisemi kwa nini. Fundi wa mbali hawezi kuona vumbi wala kugusa skrubu. Anachoweza kukigusa ni faili zako na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Kabla ya kutoa senti, jua gemu lako linagandaje, maana wauzaji wanaishi kwa kuchanganya mambo haya. Likiganda mahali pale pale kila mara, bila kujali muda, tatizo si joto: faili la gemu limeharibika au emuleta ina kasoro na gemu hilo. Dolphin ina sehemu ya kuhakiki diski ndani ya sifa za gemu, itumie. Likikwama kwa sekunde moja hivi kila athari mpya inapotokea kwenye skrini, basi sheda (programu ndogo zinazochora athari hizo) zinatengenezwa, na kwa Dolphin dawa yake, yaani mpangilio wa Ubershaders, imo ndani bure tangu 2017. RPCS3, emuleta ya PlayStation 3, ikionekana imekufa mara ya kwanza unapofungua gemu, iache: inakusanya moduli za PPU (inatafsiri msimbo wa prosesa ya PlayStation 3), inatumia viini vyote (cores) vya prosesa, na yaweza kuchukua dakika nyingi. Kompyuta nzima ikiganda hadi kipanya, shuku RAM, dereva wa kadi ya picha au umeme, na uanze na MemTest86, programu ya kupima RAM.

Joto lina sura yake. Gemu huenda vizuri dakika 10 au 20, kisha sauti inaanza kukatika na kuburuta, kasi inashuka hadi asilimia 60, pengine inapanda tena. Ukiianza upya mashine ikiwa bado moto, safari hii haichukui dakika 10. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, na Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 nyuzi 95. Zikifika hapo hujipunguzia kasi ili zisiungue. HWiNFO inaandika kama kikomo hicho kimeguswa, kwa hiyo huna haja ya kukisia. Angalia pia mwendo wa kupanda. Kufika 95 ndani ya sekunde chache tangu kazi ianze mara nyingi kunaonyesha kipozeo hakijakaa vizuri juu ya prosesa au pesti imekwisha. Kupanda polepole kwa dakika 10 kunaonyesha hewa haipiti. Na kasi ikishuka huku joto likiwa nyuzi 60 tu, tazama chaja: laptopu iliyoundwa kwa wati 130 ikilishwa na chaja ya 65 hujibana yenyewe.

Dawa halisi ni ya bei ndogo. Rudisha kikomo cha kasi kwenye asilimia 100. Shusha ukubwa wa picha wa ndani ya emuleta (internal resolution): mara 3 ya asili ni pikseli mara 9, mara 6 ni mara 36, na kadi ndogo ya picha haina pa kuzipeleka. Kwenye mipangilio ya juu ya nishati ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99. Katika kompyuta nyingi hilo huzima mwendo wa ziada wa prosesa na nyuzi kadhaa hupungua papo hapo. Gemu likibaki kwenye kasi yake, acha hivyo. Likipungua, rudisha 100 na ushughulikie usafi.

Kwa usafi, zima mashine, chomoa chaja na betri, shika mapanga ya feni yasizunguke, kisha puliza hewa kwa mipulizo mifupi. Pesti ya zamani ifute kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya njegere, au mstari mwembamba kwa prosesa ya laptopu yenye uso mrefu, na kaza skrubu kwa mpangilio wa namba zilizochorwa kando yake. Vile vipande laini vya kupitisha joto juu ya chipu za kumbukumbu visibadilishwe kwa pesti. Vina unene maalumu, kama milimita 1 au 1.5, na ukikosea kipozeo kitaning'inia. Metali ya maji ikatae kabisa kama kipozeo ni cha alumini: galiamu iliyomo huila alumini, na tone likidondokea kwenye bodi linapitisha umeme.

Wanaouza laptopu zilizotumika kama "mashine za emuleta" huonyesha gemu kwa dakika mbili, muda ambao haujatosha joto kupanda, au huwa wamebana wati za prosesa ili isichemke mbele yako. Dai dakika 20 za gemu lenyewe, chaja ikiwa imechomekwa na HWiNFO ikirekodi. Akikataa, ondoka.

Kama umeshalipa na kusakinisha, kata intaneti kwanza. Ipigie simu benki au huduma uliyolipia kupitia kwayo, uombe muamala uzuiwe. Nywila zibadilishe ukiwa kwenye kifaa kingine, ukijiondoa kwenye akaunti zako kila mahali zilipofunguliwa, kwa kuwa vifurushi hivi huweza kubeba pia programu za kuiba vidakuzi vya kivinjari (cookies, faili zinazoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia), na mwenye vidakuzi vyako haulizwi nywila. Ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender ni hatua nzuri ya mwanzo, lakini kwa mashine iliyompa mgeni haki za msimamizi tunashauri Windows isakinishwe upya kutoka kwenye USB iliyotengenezwa kwa kompyuta nyingine. Nakili faili za maendeleo yako ya gemu (saves) tu. Emuleta usiinakili, ipakue upya kutoka tovuti ya watengenezaji wake.

Unapowaonya wengine kuhusu muuzaji, piga picha za skrini za tangazo na mazungumzo kabla hajafuta, litolee tangazo taarifa kwenye jukwaa lenyewe, na ukibandika kiungo chake kivunje kwa nafasi katikati ya anwani ili mtu asije akakibofya kwa bahati mbaya.