Nimesoma darasa la autokrosi la wanaoanza: linastahili hela?

Kwa mwenye haraka: linastahili. Nilitoa dola 110 kwa darasa la siku nzima hapa Texas, na nikiambiwa nirudie nitalipa bila kubembelezwa. Ila kuna sehemu za siku ile zilizobeba bei yote, na nyingine ungeweza kuzipata bure ukiwa umekaa kwako.

Kwanza tuelewane. Nairobi wana autokrosi yao ya kutimua vumbi, na Mkenya ukimtajia mchezo huu atawaza udongo. Uingereza nako wanakimbia kwenye majani. Ya Marekani ni ya lami: uwanja mkubwa wa kuegesha magari, au kiwanja cha ndege kilichostaafu, unapangwa koni za rangi ya chungwa, halafu unashindana na saa. Hakuna anayekusukuma ubavuni wala wa kumpita. Mzunguko mmoja huisha ndani ya dakika moja hivi, na muda unapimwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2. Ukiruka lango, yaani nafasi ya kupita kati ya koni, mzunguko huo umepotea. Hizo ni sheria za SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani cha tangu 1944 ambacho fainali zake za taifa za mchezo huu hufanyika Septemba kule Lincoln, Nebraska, na klabu iliyonifundisha inazifuata hizo hizo.

Gari langu ni Honda Fit ya manyuo, la kwendea kazini na kubebea magunia ya mchele. Hakuna aliyelicheka, ingawa pembeni yangu palikuwa na Corvette imeng'arishwa utadhani inaenda harusini. Magari yanagawanywa kwa madaraja, kwa hiyo Fit inapimana na vigari wenzake. Kabla ya kuingia, mkaguzi anatikisa betri kuona kama imefungwa, anahakikisha nati za magurudumu zimekazwa na breki inashika. Kila kinachocheza ndani ya gari kinatolewa: jeki, chupa za maji, hata kapeti ya upande wa dereva. Kofia ngumu wanaazimisha.

Nadharia ya asubuhi, chini ya hema, sikuipenda. Mwalimu alichora duara akaeleza kwamba tairi lina uwezo wake wa kushika lami na hauzidi hapo: ukiutumia wote kwenye breki, wa kukatia kona haubaki. Ni kweli tupu, lakini lisaa lizima la michoro? Maelezo kama hayo yamejaa YouTube.

Kutembea njia ndiko kulikonifungua kichwa. Kabla ya kuendesha, wote mnaipita njia kwa miguu. Mwanzoni ni kama koni zimemwagwa tu. Kisha unaonyeshwa kwamba koni iliyolazwa inaielekezea kidole ile iliyosimama, nawe unapita upande ambao iliyolazwa haipo. Mwalimu alitutaka tuchuchumae mara kwa mara, macho yafike urefu wa kiti cha dereva. Ukichuchumaa, nusu ya njia uliyodhani umeikariri inapotea. Tuliirudia mpaka nikaweza kufumba macho na kuitaja kona moja baada ya nyingine.

Sasa kilicholipiwa. Kiti cha abiria anakaa mwalimu, na wangu alikuwa mzee mpole mwenye Mazda Miata ya miaka ya 90. Kabla sijawasha gari alinisogeza kiti: mgongo ushikane na kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kunyanyuka, mikono ikae saa tatu na saa tisa. Kuanzia hapo alikuwa na neno moja tu, "Mbele!" Kila nilipoitazama koni iliyo karibu na bampa, "Mbele!" Sisi tuliofundishwa na Barabara ya Morogoro macho yetu hulinda bampa, maana bodaboda hutokea popote na daladala haikuombi ruhusa. Tabia hiyo inakuokoa Dar. Kwenye koni inakuchelewesha, kwa sababu gari linafuata unakotazama, na koni ya karibu ulishamalizana nayo.

Zigizaga, ile safu ya koni unazopita kulia kushoto, ndiyo inayoumbua watu. Koni inapopita ubavuni mwako, usukani unatakiwa uwe umeshaanza kurudi upande wa pili. Ukichelewa kidogo kwenye ya kwanza, ya tatu unaipata kwa taabu, ya tano unaibeba chini ya gari. Dawa yake, alinieleza, ni kuingia taratibu kuliko moyo unavyotaka.

Halafu kuna ugonjwa wa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Unaingia kona kwa kasi, unakata usukani, gari linaendelea kunyooka huku matairi yanalia. Mwili unakuambia kata zaidi. Mzee akasema nipunguze: niachie mafuta kidogo, nirudishe usukani kidogo. Nikahisi matairi yanashika tena na pua inageuka. Duara la asubuhi lile! Breki nazo ni hivyo hivyo: kanyaga kwa nguvu gari likiwa limenyooka, ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, itetemeke mguuni uiache ifanye kazi yake, kisha uachie polepole unapoanza kukata kona.

Mchana aliliendesha gari langu nikiwa abiria. Fit ile ile, matairi yale yale, na aliniacha kwa zaidi ya sekunde 4. Baada ya hapo sikuwa na sababu ya kulaumu gari, na ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza asikimbilie kununua matairi ya mashindano. Ongeza upepo kidogo, pakaa chaki kwenye bega la tairi uone linalala kiasi gani, inatosha kwa msimu mzima.

Yaliyoniudhi: mwalimu mmoja kwa wanafunzi wanne, kwa hiyo unakaa foleni kuliko unavyoendesha. Muda wetu wa asubuhi haukubandikwa mpaka baada ya chakula, na kwa mchezo wa saa huo ni uzembe. Kivuli hakipo. Zamu ya kusimama uwanjani kuokota koni ni lazima kwa kila mtu, kwa jua la Texas, ingawa sina ugomvi nayo, kwa sababu ukiwa pale unaona wazi nani anaingia kona amechelewa.

Ukienda, soma kwanza mkataba wa bima yako, kwani nyingi hazigusi mashindano ya muda. Beba maji mengi na kofia ya jua. Na kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, waambie siku ya kujiandikisha wakupe mwalimu anayelijua gari la namna hiyo. Wangu alilijua japo lake linasukumwa na ya nyuma, lakini mwenzangu wa Corolla alipangiwa kijana wa Mustang, nayo husukumwa na ya nyuma, akashinda kutwa nzima akihubiriwa jinsi ya kutelezesha mkia ambao Corolla yake haina.