Magic Arena: kadi yako ikifungiwa unarudishiwa nini hasa?

Wengi wanaoizungumzia Magic: The Gathering Arena, gemu la kadi la kwenye simu na kompyuta, wanaongelea muonekano, bei ya pakiti na inavyokula bando, sawa, ila mimi naipima kwa kitu kimoja tu: inakufanyiaje siku ile kadi uliyoihangaikia inafungiwa. Maana hiyo siku ipo aisee, na kama unacheza Standard, fomati ya kadi za seti za karibuni (fomati ni aina ya mchezo yenye orodha yake ya kadi zinazoruhusiwa), ndo usiseme.

Kwa ambaye hajui, deki la Standard, yani fungu la kadi unalochezea, linaanzia kadi 60 na kadi moja unaweka nakala 4 mwisho, ukitoa zile ardhi za kawaida, kadi zinazokupa mana, yani nguvu ya kulipia kadi nyingine. Kadi ikizidi ubabe wenye gemu, Wizards of the Coast, wanaifungia, yani inatoka kabisa kwenye fomati hiyo. Kuna na kuwekewa kikomo, hapo unabaki na nakala 1, ila kwa kadi za karatasi siku hizi hiyo adhabu utaikuta Vintage tu, fomati ya kadi za tangu zamani, kule kwa kina Black Lotus.

Sasa kwenye Arena huuzi kadi, hubadilishani na mshkaji, wala huvunji ya zamani upate mpya. Unafungua pakiti au unatumia waildikadi, ambayo inageuka kadi yoyote ya daraja lake la uadimu. Kwa hiyo waildikadi ndo hela yenyewe, hasa zile za daraja la juu kabisa ambazo zinatoka kwa kudondoka dondoka. Na hapa lazima niwape maua yao, kadi ikifungiwa Standard unapewa waildikadi za daraja lile lile kulingana na nakala ulizonazo, alafu kadi hawakunyang'anyi, unaenda nayo fomati nyingine inakoruhusiwa.

Hii inaonekana kitu kidogo mpaka uangalie upande wa karatasi. Septemba 23, 2024 kamati iliyokuwa inasimamia Commander, fomati nyingine ya karatasi, iliamka ikafungia Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu siku moja, kadi za bei mbaya hizo tatu za kwanza, watu wamezinunua kwa hela zao na hakuna aliyerudishiwa hata senti. Wengine wakaanza kuwatishia wanakamati, upuuzi mtupu, na wiki moja baadaye kamati ikaikabidhi fomati nzima kwa Wizards. Kwenye Arena hasira ya namna ile huioni sana na sababu ni hizo waildikadi.

Ila sasa, fidia ni ya kadi, sio ya deki, na hapa ndo penye shida.

Mchukulie Vivi Ornitier, kadi ya kiumbe, yule wa seti ya Final Fantasy iliyotoka Juni 2025. Kivyake ni mkali, bure kabisa mara moja kwa zamu yako anakutolea mana kulingana na nguvu zake, na kila ukicheza kadi ya uchawi isiyo kiumbe anaongezeka kaunta, yani alama ya kumzidishia nguvu, na kumchoma mpinzani pointi 1. Ubaya ukawa kadi nyingine, Agatha's Soul Cauldron, unamtupia humo Vivi aliyeko makaburini, yani kwenye rundo la kadi zilizokufa, alafu viumbe wako wengine wenye kaunta wanarithi uwezo wake, yani una kina Vivi wawili watatu mezani wanamwaga mana, mpinzani anakodoa macho tu. Novemba 10, 2025 Vivi akafungiwa. Mwenye nakala 4 akapata waildikadi zake 4, safi. Ila Cauldron haikufungiwa, kwa hiyo haina fidia, na ile nayo ni daraja la juu kabisa! Alieitengeneza kwa ajili ya deki lile kabaki ameikumbatia, pamoja na ardhi za rangi mbili alizozijengea.

Juni 30 mwaka huo huo ilikuwa hivyo hivyo kwa sura nyingine. Zilifungiwa kadi 7 kwa mkupuo, ukisikia saba unafikiri kuna mvua ya waildikadi, kumbe Heartfire Hero, Monstrous Rage, Up the Beanstalk, This Town Ain't Big Enough na Hopeless Nightmare zote ni za madaraja ya chini ambayo waildikadi zake kila mtu anazo mpaka za kumwaga. Zenye maana zilikuwa Cori-Steel Cutter na Abuelo's Awakening basi.

Uamuzi wenyewe wa kufungia siupingi hata kidogo. Waliocheza kipindi cha kadi ya Oko wanajua, ametoka Oktoba 4, 2019, mana 3 tu, kila zamu anageuza kiumbe chako chochote kuwa kulungu wa 3/3 (nguvu 3, uhai 3) asiye na uwezo wowote na yeye mwenyewe anazidi kunenepa. Joka lako la mana 6, kulungu. Novemba 18 wakamfungia na kiukweli walichelewa.

Alchemy, fomati ya Arena peke yake, ndo sitaki hata kuisikia. Kule mara nyingi badala ya kufungia wanapunguza kadi makali, na ilipoanza Desemba 2021 watu walilalamika sana kwamba kadi ikipunguzwa hakuna waildikadi, eti kadi bado unayo. Ninayo ndio, ila sio ile niliyoilipia.

Fomati niliyoipenda kwa hili ni Timeless, ya Desemba 2023. Hakuna kufungia, kuna kikomo tu, ilianza na kadi tatu za nakala 1: Channel, Demonic Tutor na Tibalt's Trickery. Ukiwekeza huko presha ya tangazo la kufungia inapungua sana, japo deki zake ni ghali na ukikutana na mtu mwenye deki kamili mechi inaisha hujakaa vizuri kwenye kiti.

Kama unaanza, tarehe za matangazo huwa zinatajwa mapema, ziangalie kabla hujagusa waildikadi. Kadi inayonuka kufungiwa na unaitaka pia kwa fomati nyingine, itengeneze kabla ya tangazo, ikifungiwa waildikadi inarudi na kadi inabaki kwako. Zile za kuisindikiza, subiri kwanza.