Pawa saplai ya "wati 500" niliyouziwa Mwanga, na fundi asiyetaka kuzidisha

Natoa hukumu mapema ili mwenye haraka asipoteze bando lake: duka lile la kompyuta la Mwanga, hapa Kigoma, usinunue pawa saplai, kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme. Laptopu ikimwagikiwa chai, peleka, sina neno. Ila pawa saplai, hapana. Na kama ni mtu wa gemu, ukifika pale usithubutu kusema umepandisha kloki ya kadi ya picha, yaani umeikimbiza kuliko kasi ya kiwandani. Ukishasema hivyo kesi yako imeisha, hata ungekuja na feni iliyovunjika.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Nimebeba mashine kwenye bodaboda, nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa, nafika, nasalimia vizuri, fundi ananiuliza:

"Umeichezea hii?"

"Kadi niliipandisha kloki kidogo, braza. Nimesharudisha ya kiwandani na bado inazima."

"Basi umeshaichoma, dogo. Iache hapo."

Hajaiwasha wala hajalegeza hata skrubu moja. Kuna mama alikuwa anasubiri kutolewa kopi cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akanitazama kwa huruma kana kwamba nimeambiwa nina miezi mitatu ya kuishi.

Ngoja niwaeleze ugonjwa wenyewe, maana wengi mnao na mnaambiwa hivyo hivyo. Kadi ni RX 580 ya mtumba, ilikuja kwa basi kutoka Kariakoo. Kadi hizi zilijaa sokoni baada ya Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi, kuachana na uchimbaji Septemba 2022, na wachimbaji wana tabia ya kubadilisha bayosi ya kadi, programu ya ndani inayoipangia kasi, ili memori ikimbie, kwa hiyo hilo nililikagua kabla ya kitu kingine chochote. Bayosi ilikuwa ya kiwandani. Nikaanza kupandisha kloki ya kiini, ile chipu inayochora picha, peke yake, memori sijaigusa, hatua ndogo ndogo kutoka 1340 MHz kwenda juu. Ukipandisha vyote viwili kwa pamoja, mashine ikianguka hutajua umlaumu nani.

Ikawa inaanguka. Gemu linaganda, sauti inang'ang'ania neno moja, skrini inakuwa nyeusi. Mara nyingine inarudi yenyewe, na programu ya Radeon inakuambia mipangilio imerudishwa ya mwanzo kwa sababu mfumo ulianguka ghafla. Mara nyingine mashine nzima inajiwasha upya. Sawa, nikarudisha kila kitu kwenye namba za kiwandani. Ikatulia kwenye gemu nyepesi, ila nikifungua gemu zito, dakika chache tu, pap, imejiwasha upya.

Hapo ndipo fundi mwenye nia angesimama na kujiuliza. Kloki ya kiwandani na bado inaanguka, ovakloki, huko kupandisha kloki, inaingiaje hapo? Halafu angalia dalili. Memori iliyozidiwa hutema vidoti na michirizi ya rangi kwenye picha, na HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, kwenye kadi hizi ina mstari unaohesabu makosa ya memori. Wangu ulikaa kwenye sifuri muda wote. Joto lilikuwa juu, nyuzi 84, lakini kadi ikipata joto kwanza hupunguza kasi yenyewe, haikimbilii kuzima mashine nzima. Kinachozima mashine nzima wakati kadi inakula umeme mwingi, mara nyingi ni umeme wenyewe.

Haya yote nilimwambia. Akanijibu, "Umeme wa Kigoma ndivyo ulivyo." Kaka, hiyo ingekuwa hoja enzi za majenereta ya dizeli, kabla gridi ya Taifa haijatufikia. Na hata umeme wa ukutani ukiyumba, mbona ilikuwa inachagua kuyumba pale tu ninapofungua gemu zito?

Nilipoifuata mashine nikakabidhiwa risiti ya mkono: uchunguzi na Windows, sh 15,000. Windows! Nani alimwomba Windows? Amefuta diski yote bila hata kunipigia simu. Picha za harusi ya dada yangu zilikuwamo, na faili za kazi. Mafundi wetu hawa, mashine ikikohoa wanapiga Windows, ikipiga kelele wanapiga Windows, naamini ukipeleka pasi wataipiga Windows. Jioni hiyo hiyo nikafungua gemu, ikajiwasha upya.

Nitamtendea haki kwenye jambo moja. Kadi aliisafisha. Alitoa vumbi la miaka, akabadilisha pesti ya kupoza, na alifanya kazi safi mno, joto likashuka hadi 71. Laptopu ya mama iliyowahi kumwagikiwa uji aliifufua yeye huyu huyu na hakututoza vibaya. Ana mikono, siwezi kusema uongo. Shida ni mdomo na kutotaka kusikiliza.

Nina jamaa yangu anafunga sola na taa kwenye boti za dagaa kule Kibirizi. Akaja na mita yake ya kupima volti. Tukafungua ubavu wa mashine, akachomeka ncha moja kwenye waya wa njano wa plagi iliyobaki ya moleksi, ile ya pini nne inayotoka kwenye pawa saplai, nyingine kwenye mweusi, mimi nikawasha gemu. Mashine ikiwa imetulia, mita inasoma 11.9. Gemu likianza kuchora msitu, 11.6. Kisha 11.4. Hiyo ndiyo mwisho wa ruhusa, maana kiwango cha ATX, kanuni ya pawa saplai za kompyuta, kinaruhusu laini ya volti 12 kupotoka asilimia 5 tu. Ikagusa 11.2, skrini nyeusi. Jamaa akasema, "Betri ya boti ikifanya hivi wavuvi wanarudi ufukweni." Tukashusha kikomo cha nguvu cha kadi kwa asilimia 20, gemu lile lile, msitu ule ule. Haikuzima.

Ndipo nikaichomoa pawa saplai na kusoma lebo yake kwa makini. Maandishi makubwa mekundu: 500W. Chini kabisa, kwenye kijedwali cha herufi za kukodolea macho, safu ya +12V: 18A. Zidisha volti kwa ampea: wati 216. Kadi peke yake inataka kama 185, prosesa 65. Na kile kitu ni chepesi, ukikipima mkononi unahisi umeshika boksi lake tu. Mdomo wa pini nane unaoilisha kadi hawakuwa nao, walinipa adapta inayounganisha moleksi mbili. Waliniuzia wao. Duka lile lile! Aliyesema nimechoma kadi ndiye aliyenifungia.

Nikarudi nayo. Nikamwonyesha lebo, nikamwambia kwa adabu kabisa, fundi, 12 mara 18 ni 216. Akacheka, akawageukia wanafunzi waliokuja kuprinti: "Huyu dogo ananifundisha hesabu!" Wakacheka wote. Nikamwomba basi azidishe mwenyewe kwenye simu yake. Akakataa. Mtu mzima anakataa kuzidisha namba mbili.

Kelele zilipozidi akatoka mzee mwenye duka. Akavaa miwani, akasoma lebo, akauliza bei niliyolipa, akafungua droo na kunirudishia hela yote ya pawa saplai bila maneno. "Samahani, kijana wangu." Hapo moyo ukalegea. Nikaanza kufikiri labda nimewaonea, duka lenye mzee wa namna hii si duka baya, hata ile 15,000 nikaamua kuisamehe kwa ajili ya ile pesti. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikimshukuru, nikasikia sauti kutoka ndani: "Ikifa kabisa asituletee, amezoea kuovakloki."

Basi siisamehi. Nataka 15,000 yangu na picha za harusi. Na ile pawa saplai, nilipopita juzi, niliiona imerudi kwenye shelfu, lebo nyekundu imegeuzwa mbele.

Kwa sasa nimeazima pawa saplai ya kweli. Volti za kadi nimezishusha kutoka 1150 mpaka 1090 milivolti, kiini kinakwenda 1380, msitu wote napita na haizimi. Kadi "iliyochomwa" hiyo. Ila ya kuazima ni ya kuazima, mwenyewe ameshaanza kuulizia. Anayejua duka Gungu, Ujiji au hata Kasulu linalouza pawa saplai ambayo lebo yake inakubali kuzidishwa, anielekeze. Ninakuja na mita.