Kuigeuza Baiskeli ya Mashindano kuwa ya Safari za Mjini: Kazi ya Fundi wa Kariakoo

Baiskeli kuukuu za mashindano zinazoingia Dar es Salaam pamoja na mitumba ya Ulaya hukaa muda mrefu bila mnunuzi, kwa kuwa watu wakiuona usukani uliopinda na matairi membamba huhitimisha kwamba hazifai kwa barabara zetu. Kazi aliyoifanya fundi mmoja wa Kariakoo kwenye Peugeot yangu ya chuma imenionyesha kwamba fremu hizo ni nyepesi, imara na zinafaa sana kwa safari za kwenda kazini, mradi zishikwe na mtu anayepima kabla ya kununua vipuri.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuipima ringi. Kariakoo ukiomba tairi la namba 28 utapewa, bila shaka, la Phoenix, ambalo kipenyo chake pale linapokaa kwenye ringi ni milimita 635, ilhali baiskeli nyingi za mashindano hutumia 622 na baadhi ya zile za zamani zaidi hutumia 630. Matairi hayo yakitazamwa kwa mbali yanafanana, lakini hayabadilishani. Fundi aliniandikia "28-622" kwenye kikaratasi, yaani upana na kipenyo kwa milimita, akasema, "Mwonyeshe muuzaji namba hii ubavuni mwa tairi, kaka, usimtajie ishirini na nane peke yake." Tairi la upana wa milimita 28, badala ya lile la 23 lililokuwapo, halihitaji kujazwa upepo hadi liwe gumu kama jiwe, na kwenye viraka vya lami vya Barabara ya Morogoro tofauti inasikika mikononi mara moja.

Lililonifurahisha kuliko yote ni uamuzi wake kuhusu valvu. Ringi hizi hutobolewa tundu la milimita 6.5 kwa ajili ya valvu nyembamba ya Kifaransa, ambayo pampu za mafundi wa pancha barabarani haziipokei. Alilipanua tundu hadi milimita 8.5, akalainisha kingo zake kwa tupa ili zisiikate tyubu, kisha akaweka tyubu yenye valvu kama ya gari. Tangu hapo fundi yeyote wa bodaboda anaweza kunijazia upepo.

Usukani uliopinda aliubadilisha kwa ulionyooka, akaibakiza shingo yake ya asili, yaani kipande kinachoushikilia. Katika breki ndipo nilipouona ustadi wake, kwani duka moja lilikuwa limeniuzia vishikio vya breki za baiskeli za milimani, ambavyo huvuta waya mrefu kwa nguvu ndogo. Vikifungwa kwenye breki za kubana za zamani huwa vigumu mkononi huku gurudumu likiendelea kuzunguka. Alivikataa kabla hata ya kuvijaribu, akatafuta vya mvuto mfupi, yaani vinavyovuta waya kidogo kwa nguvu zaidi, akaweka na raba mpya. Kwa kuwa ringi zangu ni za alumini na si za chuma cha kung'aa, breki zinashika vizuri hata wakati wa mvua, na kwa mtu anayepishana na daladala hilo ni la lazima kuliko rangi mpya au kiti cha kifahari.

Gia hakuzigusa zaidi ya kuzisafisha na kubadilisha cheni, na naunga mkono uamuzi huo, maana vishikio vya zamani vilivyo kwenye bomba la fremu ni rahisi kurekebisha na havichagui idadi ya gia za nyuma.

Sikuridhika na madigadi. Nafasi kati ya tairi na breki ni finyu, kwa hiyo alifunga ya plastiki kwa mikanda, na lile la mbele ni fupi mno kiasi kwamba wakati wa masika tope huruka hadi kwenye viatu. Keria nayo imeshikwa kwa vibano kwa sababu fremu haina matundu ya skrubu, hivyo inafaa kwa begi la kazini wala si kwa gunia la mkaa au abiria.

Kwa ufundi peke yake nililipa shilingi 40,000, bei ninayoiona ya haki kabisa. Mwenye baiskeli ya ringi za 630 amwulize fundi kuhusu upatikanaji wa matairi kabla ya kukubaliana naye lolote, kwani ukubwa huo ni adimu sana madukani.