Kutia rangi uzi wa sufu nyumbani kwa ajili ya soksi za mistari: uzoefu wangu hapa Lamu

Mdogo wangu anafundisha Nyahururu, na kila akipiga simu mwezi wa Julai lazima ataje miguu yake. Baridi ya huko si ya kusimuliwa. Mimi niko Langoni, ambako hata kusi ikivuma vipi hakuna anayeuliza soksi za sufu, lakini kufuma nilijifunza shule ya bweni bara na sindano zangu tano bado ninazo. Nikasema nitamfumia soksi za mistari, na rangi nitatia mwenyewe.

Niliagiza kwa muuzaji wa Nairobi, mzigo ukaja kwa basi hadi Mokowe kisha ukavuka kwa boti. Mashada matatu ya uzi mweupe wa soksi, uliozungushwa na kufungwa, gramu 100 kila moja, urefu wa kama mita 400, sufu asilimia 75 na nailoni 25. Pamoja nayo, paketi ya rangi tatu za unga za kutilia sufu. Kila shada lilikuwa shilingi 1,500, rangi 2,600. Niseme mapema kwa anayetaka kujua kabla hajatoa pesa: uzi mzuri unastahili bei hiyo. Rangi zile, kwa mtu wa nyumbani kama mimi, hapana.

Si kwamba ni mbaya. Niliijaribu nyekundu kwa kipande kidogo na ikashika barabara. Lakini karatasi yake inataka uvae glavu, ufunike pua usivute unga, na sufuria utakayotumia usiipikie tena. Mimi nina watoto wawili na jiko moja. Nikazifunga, nikaenda dukani kununua rangi ya chakula ya unga: ile ya machungwa tunayotilia biriani, na ya buluu ya keki. Zote mbili hazikufika shilingi 300.

Sufu ni nywele za mnyama, na nywele zikipata siki na moto huishika rangi hiyo zisiiachie. Pamba haiwezi. Nililiona kwa macho yangu, maana shada nilikuwa nimelifungia vikamba vya uzi wa pamba lisije likajisokota. Lilipotoka sufuriani sufu ilikuwa imeiva rangi kabisa, na vile vikamba, baada ya kusuuzwa mara mbili, vilikuwa vyeupe tena kama nilivyovikata. Nilipokaza sana, chini ya kamba palibaki alama nyeupe. Fungeni kwa kulegeza.

Sasa mistari, na hapa ndipo penye kazi. Ukichovya shada la kawaida nusu kwa nusu utapata madoa tu, kwa sababu kila mzunguko wake ni mfupi. Mstari unataka mzunguko mrefu. Mimi soksi yangu ina vitanzi 64 kuzunguka mguu, na nilipofumua duara moja nikalipima lilikuwa limekula uzi wa sentimita 65 hivi. Nikitaka mstari wa duara sita, basi kila rangi iwe na mita nne, na rangi mbili ni mita nane. Juu ya paa letu kuna nguzo mbili zinazoshikilia makuti, umbali wa karibu mita nne. Nikaupitisha uzi kuzizunguka, mizunguko 50, kwenda na kurudi, alasiri nzima, upepo ukiuchezea. Nikaufunga kila baada ya hatua, nikaushusha kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Nikauloweka nusu saa katika maji ya vuguvugu yenye siki. Kisha sufuria mbili ubavu kwa ubavu, kila moja na jiko lake la makaa, siki vijiko vitatu vya mezani kwa lita moja ya maji, rangi nusu kijiko cha chai. Nusu ya uzi huku, nusu kule. Moto mdogo, maji yatoe mvuke lakini yasitokote.

Bibi yangu alikuwa akichemsha ukindu wa mikeka uani, na akinikuta nakoroga alikuwa akiniambia, "Wacha, mwanangu. Rangi hunywewa, haipakwi." Nilimkumbuka pale. Baada ya dakika 20 nikachota maji ya upande wa machungwa kwa kijiko cheupe: yalikuwa safi, unaona kijiko chini yake. Rangi yote ilikuwa imehamia kwenye uzi. Buluu ilichelewa, ikachukua karibu saa nzima na siki ya kuongeza. Nikaacha vyote vipoe humohumo hadi asubuhi, nikasuuza, nikaanika kivulini.

Msifanye nilivyofanya na shada la kwanza, ambalo sijalitaja hadi sasa kwa sababu bado linaniuma. Nililiacha likatokota, nikalikoroga, kisha nikalitoa motoni moja kwa moja kwenye maji baridi ya bomba. Nyuzi zilishikana zikawa kama kipande cha blanketi, hazikufunguka tena. Uzi wa shilingi 1,500, kwa haraka ya dakika tano.

Manjano ya kupikia pia niliijaribu, kwa kipande, na shabu ya dukani inayosaidia rangi kushika. Inatoka rangi ya kupendeza mno, lakini niliitundika dirishani na wiki haikwisha ikawa imepauka. Maganda ya vitunguu pamoja na shabu yalitoa dhahabu nzuri, na hiyo hadi leo ipo.

Shada la tatu ndilo lililonigombanisha na muuzaji. Siki ile ile, moto ule ule, na maji yakabaki ya buluu tele huku uzi umepauka kama nguo iliyofuliwa miaka. Nikakata kipande cha urefu wa shibiri nikakiwashia kibiriti. Sufu ikiungua hunuka nywele na kubaki jivu linalovunjika vidoleni. Kile kiliyeyuka, kikajikunja kuwa kishanga kigumu cheusi. Haikuwa sufu hata kidogo. Nilipompigia aliniambia niongeze moto. Nilimtumia picha ya kishanga, na baada ya siku nne akanirudishia nusu ya pesa. Nusu nyingine naidai hadi leo.

Soksi zimeisha. Nililigawa lile shada moja zuri gramu 50 kwa 50, na ya pili nikaianzia pale pale machungwa yanapoanza ili zifanane. Pale kwenye kisigino, vitanzi vinapoongezeka, mistari inakuwa myembamba, na mimi sikuona ubaya. Mdogo wangu ameshazifua mara nyingi. Buluu ilitoa rangi kidogo mara ya kwanza tu, machungwa hayakutoa kitu.

Sasa anataka nyingine ya mwalimu mwenzake. Nimepata muuzaji mwingine, na kabla sijatuma hata senti nimemwomba kipande cha urefu wa shibiri moja kutoka kwa kila shada. Kibiriti kiko tayari.