Gereji ya Nyakato kwa gari linalozima: fundi anayeuliza kabla ya kushika spana

Mwenye gari la manyuo hapa Mwanza ambalo linazima kila ukishika klachi na kuachia mafuta, kabla hujanunua spea yoyote lipeleke Nyakato, upande wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo. Kuna gereji ndogo isiyo na kibao: kontena moja, turubai, na vijana watatu chini ya fundi mtu mzima anayeongea polepole. Ukiwauliza bodaboda wa pale kuhusu fundi wa injini za Toyota, watakuelekeza.

Langu ni Corolla 110 yenye injini ya 5A. Napika Igoma na kusambaza chakula cha mchana kwenye ofisi za mjini, kwa hiyo gari likigoma, watu wanakaa na njaa na mimi nabaki na masufuria yamejaa. Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Barabarani linakwenda vizuri, na mlima wa Bugando linaupanda na mzigo bila kulalamika. Shida inaanza nikikaribia makutano: nikishika klachi na kutoa mguu kwenye mafuta, injini inatetemeka, inashuka, inazima. Pale Mabatini saa sita mchana, daladala zikiwa nyuma yako zinapiga honi, inatisha.

Gereji niliyoanzia, ya katikati ya mji, walifungua boneti, wakasikiliza kidogo, wakaniambia pampu ya mafuta imechoka, niandae laki na themanini. Hakuna aliyepima presha ya mafuta. Nikafunga boneti nikaondoka.

Fundi wa Nyakato alianza kwa kuuliza. "Mama, linazima likiwa la baridi au likishapata moto? Kwenye gia au hata nyutro? Mlimani linakosa nguvu? Ukikanyaga breki silensa inabadilika?" Silensa ni injini ikiunguruma yenyewe, mguu ukiwa nje ya mafuta. Nilijibu moja moja, naye kila jibu akalitumia. Pampu aliiondoa kwenye orodha kabla ya kufungua kitu chochote. Alisema pampu iliyochoka inaumbuka mlimani, pale injini inapotaka mafuta mengi. Gari linalopanda Bugando na mzigo halafu linazima likiwa silensa, ambako mafuta yanayotakiwa ni kidogo kabisa, linaugua kitu kingine. Mimi si fundi, lakini maelezo hayo niliyaelewa palepale, na ndipo nilipoanza kumwamini.

Akaliacha linaunguruma nyutro, mguu nje ya klachi. Likazima vilevile, kwa hiyo klachi na mguu wa dereva vikatoka kwenye kesi. Akaliwasha tena, akakanyaga breki mara kadhaa, maana busta ya breki ikipasuka inaingiza upepo kwenye injini na silensa inayumba. Haikuyumba zaidi.

Halafu akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili kwenye kile kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, yaliyoandikwa TE1 na E1, na kufungulia swichi bila kuwasha injini. Kwenye Toyota za miaka hiyo ya tisini, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa, na namna inavyopepesa ndiyo namba ya kosa. Yangu ilipepesa sawasawa, maana yake kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haijaona kosa lolote. Hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa na kuanza kubadilisha vitu kwa kubahatisha.

Yeye akafungua plagi. Zote nne zilikuwa na masizi makavu meusi kama tako la sufuria la kuni. Akasema ingekuwa moja tu angeshuku waya wa plagi au nozeli inayonyunyiza mafuta upande huo. Zikiwa zote nne, injini nzima inapewa mafuta kuliko hewa iliyopo, na anayetoa amri hiyo anadanganywa na mtu. Akafuata mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, kwenda kwenye sensa ya mgandamizo wa hewa. Ulikuwa umepasuka mwishoni, kwa chini, mahali usipopaona mpaka uukunje.

Alinieleza hivi, nami nalirudia kwa sababu limenisaidia. Likiwa silensa, mlango wa hewa umefungwa na injini inanyonya, kwa hiyo ndani ya manifodi mgandamizo uko chini. Sensa inapaswa kuiona hali hiyo. Mpira ukipasuka, sensa inapata hewa ya nje, inadhani dereva amekanyaga mafuta mpaka chini, na kontroli boksi inamwaga petroli. Injini inazamishwa na mafuta na kuzima. Mlimani mlango wa hewa uko wazi kweli, kwa hiyo uongo wa sensa unakaribia ukweli na gari linakwenda vizuri. Na taa ya injini haiwaki kwa sababu volti zinazotoka kwenye sensa bado ziko ndani ya kiwango kinachowezekana.

Hakuishia kwenye kuona ufa. Aliweka mita kwenye waya wa sensa, akanyonya kwa mdomo mpira mwingine usio na ufa, volti zikashuka, alipoachia zikarudi. Sensa ni nzima. Aliongeza kwamba hapa kwetu, ziwa likiwa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, volti hizo huanzia chini kidogo kuliko Dar es Salaam, na fundi asiyejua hilo anaweza kukuuzia sensa bure.

Nililipa elfu ishirini ya uchunguzi na elfu tatu ya mpira mpya. Plagi zilisafishwa zikarudishwa. Silensa imetulia, harufu ya petroli asubuhi imeisha, na mafuta yanakaa zaidi kwenye tangi.

Malalamiko ninayo. Kivuli ni kile cha turubai tu, na vumbi la barabara linakufikia. Ukiambiwa saa nne, panga hadi saa sita. Risiti mpaka uiombe. Simu yake mara nyingi hapokei akiwa kazini, ni bora uende mwenyewe.

Lipeleke asubuhi, na kama unaweza liache pale tangu jana yake, kwa sababu anapenda kulisikia likiwashwa la baridi. Gari za dizeli hapokei, atakuambia mapema ili usipoteze muda. Jumapili wamefunga.